Ukijani Anaouona Mtembeaji

Setilaiti huipima mimea kutoka juu, kwa kuwa jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi. Lakini hakuna anayetembea juu ya vilele vya miti. Katika Msitu wa Karura, Nairobi, pita penye mikaratusi iliyopandwa: juu matawi yamekutana, ilhali macho yako yanakutana na mashina makavu. Ramani inasema pana kijani tele, mtembeaji hakioni.

Mwaka 1987 mtafiti wa Kijapani, Yoji Aoki, aliandika kuhusu ukijani jinsi macho yanavyoupokea. Mwaka 2009 watafiti wakapiga picha kwenye njia panda za Berkeley, Marekani, pande zote nne, wakahesabu asilimia ya picha iliyojaa majani. Baadaye picha za Google Street View zikarahisisha kazi hiyo mijini. Vijia vya msituni, ambako magari hayapiti, vinahitaji simu ya mkononi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Picha ya pikseli milioni 12 yenye pikseli milioni 3 za majani ina ukijani wa asilimia 25. Kuyatambua majani ndiko kugumu. Kila pikseli ina thamani ya nyekundu, kijani na buluu. Zidisha kijani mara mbili, toa nyekundu na buluu, na jibu likivuka kiwango ulichoweka, hesabu kuwa ni mmea. Udongo mwekundu wa Karura hujitenga vizuri kwa njia hii. Uzio uliopakwa rangi ya kijani, kwa bahati mbaya, huhesabiwa kuwa kichaka, na jani lililo kivulini hupotea. Programu zilizofunzwa kutambua maumbo hukosea mara chache zaidi.

Kwa maoni yangu, nidhamu ya mpigaji picha ina uzito kuliko programu. Simu iwe usawa wa macho, bila kuinamishwa wala kuinuliwa, maana penye uwazi ukiinua kidogo tu anga inaingia na asilimia inashuka. Tumia lenzi ileile, saa zilezile, na rudia vituo vilevile masika na kiangazi. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali.

Kipimo hiki hakibagui mimea: kichaka cha lantana, mgeni anayesonga miche ya asili, hupata alama sawa na mti wa asili kama muhugu. Kwa hiyo kila kituo kiandikiwe pia majina ya mimea iliyopo, hasa pale msitu unapofanyiwa ukarabati, kwani kung'oa lantana kutashusha asilimia kabla miche mipya haijafika usawa wa macho.