Je, Wajua? Picha ya Diski Isiyokula Nafasi

Seva yenye terabaiti 10 za data yaweza kupigwa picha kamili kwa muda wa kupepesa jicho, na picha hiyo, ajabu yake, hapo mwanzo haili nafasi ya maana, kwani hakuna kinachonakiliwa. Mfumo wa mafaili kama ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems ya Marekani mwaka 2005, hauandiki juu ya maandishi ya kale: badiliko hupewa mahali papya, na picha huyahifadhi ya zamani yasifutwe.

Lakini diski ikifa, picha hufa nayo. Ndiyo sababu hupelekwa ghala la mbali, nzima mara ya kwanza, kisha kila usiku tofauti tu baina ya picha ya jana na ya leo.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya takriban gigabaiti 300. Ghala lao la mbali lilipofunguliwa, lilikutwa tupu! Kilichowaokoa ni picha moja, iliyopigwa kwa shughuli nyingine kabisa, muda wa saa 6 hivi kabla ya msiba. Yaliyoandikwa ndani ya saa hizo hayakurudi.