Mawimbi mawili ya Bukoba

Majirani zangu wa Bukoba wakisimulia tetemeko la Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, husema lilipiga mara mbili: kwanza mshtuko mfupi wenye ngurumo, kisha mtikisiko uliobomoa kuta. Nafundisha fizikia sekondari, na simulizi hilo nalipenda kuliko mchoro wowote wa kitabuni. Tetemeko lilikuwa moja. Mwamba ulipovunjika, kilomita 40 hivi chini ya ardhi, ulitoa mawimbi ya aina mbili. Yaliondoka pamoja, hayakufika pamoja.

Wimbi P husukuma na kuvuta kuelekea liendako, kama msukumo unavyopita kwenye foleni ya watu waliobanana: kila mtu anayumba kidogo na kurudi, msukumo unaendelea. Katika miamba ya juu hukimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. Wimbi S hutikisa mwamba ubavuni, nalo huenda kilomita 3.5 tu. Ndilo lenye madhara zaidi, maana ukuta wa matofali hubeba uzito wa paa bila shida ila hauhimili kusukumwa kando. Kila sekunde inayoyatenganisha mawimbi hayo mawili ni kama kilomita 8 kutoka kwenye chanzo. Hata aliyekuwa juu yake kabisa alipata sekunde 5 hivi, ambazo hazitoshi kumfuata mtoto chumba cha pili.

Je, wimbi S lingeweza kupita kwenye maji ya Ziwa Victoria? Kidato cha nne hubishana sana hapa. Haliwezi. Jiwe likisukumwa ubavuni hukaidi na kurudi lilipokuwa. Maji huhama tu, na wimbi hilo hufa. P hupita, ila kwa kilomita 1.5 hivi kwa sekunde.

Tofauti hiyo ndiyo iliyotuonyesha tumbo la dunia. Mawimbi S yakishuka kilomita 2,900 hivi hukwama. Mwaka 1926 Harold Jeffreys wa Uingereza akahitimisha kwamba kiini ni kimiminika. Kisha Inge Lehmann wa Denmark, akichambua tetemeko la New Zealand la 1929, akakuta mawimbi P hafifu mahali ambapo hayakupaswa kuwepo. Mwaka 1936 akaeleza sababu: ndani ya kiini hicho kuna kingine, kinachoyageuza njia. Leo tunajua ni kigumu, na kutoka katikati yake hadi ukingoni ni kilomita 1,220 hivi. Huko hatujawahi kufika: shimo refu kuliko yote lililochimbwa kwenda chini, la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na kidogo.