Bima ya Vyombo vya Nyumbani: Hulipa Nini, na Hailipi Nini

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kukata bima, kila kitu kilichomo nyumbani mwake kimekingwa na kila hasara. Sivyo. Bima ni mapatano: kampuni hulipa hasara zile zilizoandikwa katika hati, wala si nyingine. Asiyeisoma hati huja kuijua mipaka yake siku ya msiba, na siku hiyo hapana la kubadili.

Kwanza tutenge nyumba na vyombo. Bima ya nyumba huhusu kuta, sakafu na paa. Bima ya vyombo huhusu vile ambavyo mtu angehama navyo: vitanda, makabati, nguo, vitabu, jokofu, redio. Basi mwalimu aliyepanga asitegemee bima ya mwenye nyumba. Moto ukizuka, mwenye nyumba atalipwa kuta zake. Mpangaji asiyekata bima yake mwenyewe atabaki na majivu.

Hasara zinazolipwa kwa kawaida ni zile zijazo kwa ghafula: moto, radi, bomba la maji lililopasuka, na wizi wa kuvunja. Neno hili kuvunja lisipitwe upesi. Hati nyingi hutaka pawe na alama, kama kufuli iliyokatwa au dirisha lililong'olewa. Mwizi akiingia kwa mlango ulioachwa wazi, madai yaweza kukataliwa. Fedha taslimu mara nyingi huachwa nje, au huwekewa kiasi kidogo. Mafuriko yamo katika hati nyingine, na katika nyingine hayamo. Uliza kabla hujatia sahihi. Uliza pia kama kitu cha zamani kitalipwa kwa bei ya kipya, au kwa thamani iliyokisalia.

Hasara zijazo pole pole hazilipwi: mchwa, nondo, kutu, uchakavu. Hizo ni kazi ya mwenye nyumba na ufagio wake.

Lakini liko jambo liumizalo kuliko hayo, nalo ni kutaja thamani pungufu ili ada iwe ndogo. Tuseme vyombo vyako vyote vyafaa shilingi 10,000,000, nawe umeandika 5,000,000. Moto ukaunguza vya 2,000,000. Wadhani utalipwa zote, maana hazifiki kiasi ulichoandika. Kampuni itajibu: umekatia bima nusu ya mali, basi utapata nusu ya hasara, yaani 1,000,000. Tena hutolewa kile kiasi cha kwanza ambacho hati humwachia mwenye mali akichukue mwenyewe. Hiyo si hila. Ni kanuni iliyozoewa katika kazi ya bima, nayo huandikwa katika hati.

Tufanyeje basi? Pita chumba kwa chumba, uandike kila kitu na bei ya kukinunua leo. Tunza stakabadhi, na nakala ya orodha umwekeshe ndugu akaaye mahali pengine, isije ikaungua pamoja na vyombo. Kila mwaka irekebishe. Katika Tanzania, kampuni za bima husimamiwa na TIRA chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Hakikisha ya kuwa unayempa fedha yako ana leseni. Hasara ikitokea, toa habari polisi na kwa kampuni bila kukawia.

Orodha hiyo yaweza kuandikwa jioni moja, baba na mama na watoto wakihesabu pamoja. Ianzeni juma hili.