Posa Mpya na Kirusi cha HPV: Tujue Kabla ya Kudhaniana Vibaya



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, juma hili nitazungumza juu ya jambo ambalo ndimi zetu hulionea haya, lakini dini yetu haikulionea. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamuuliza juu ya hedhi, janaba na unyumba, na wakajibiwa. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Nasi tufuate njia yao.

Alasiri moja, baada ya sala, alinijia mzee mmoja pamoja na binti ya nduguye. Nimebadilisha baadhi ya mambo ili wasitambulike. Binti huyu ana watoto wawili, na aliachwa na mumewe miaka minne iliyopita. Ameposwa na mwanamume aliyefiwa na mke, mtu wa sala na mwenye kazi yake. Mahari yamekubaliwa na siku ya akdi imetajwa. Katikati ya matayarisho alimpeleka mwanawe kliniki, na muuguzi akamhimiza naye apimwe saratani ya mlango wa kizazi. Majibu yaliporudi, aliambiwa kuwa amekutwa na kirusi kiitwacho HPV.

Kwa uaminifu wake, akamtumia mposaji habari kamili. Mposaji akamweleza dadake, na dadake akasema: “Hayo ni maradhi ya zinaa. Mwanamke aliyekaa miaka minne bila mume ameyapata wapi?”

Ami yake akaniuliza, “Sheikh, turudishe mahari?” Binti alikuwa ameketi karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Akasema, “Sheikh, mimi sijamjua mwanamume yeyote ila baba wa wanangu.”

Nakiri mbele yenu kwamba kabla hajasema, swali la yule dada lilikuwa limekwisha kupita moyoni mwangu. Nimesoma fiqhi tangu utoto, lakini juu ya kirusi hiki sikuwa na elimu, na asiye na elimu huziba pengo kwa dhana. Nikawaomba wanipe siku tatu. Nikamwendea daktari mmoja wa kike wa mtaani kwetu, nikaketi mbele yake kama nilivyokuwa nikiketi chuoni nikiwa mtoto. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kirusi hiki ni kipi?

HPV si kirusi kimoja. Ni ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 200. Baadhi huleta chunjua za kawaida za mikono na miguu. Aina nyingine hukaa sehemu za siri, na hupita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa mguso wa ngozi wakati wa tendo la ndoa. Kwa sababu hiyo mipira ya kondomu hupunguza maambukizi lakini haiyazuii kabisa.

Katika maradhi yote yanayoambukizwa kwa njia hiyo, hiki ni miongoni mwa yaliyoenea zaidi duniani. Wengi mno wa watu waliowahi kuwa na mume au mke hupatwa nacho wakati fulani maishani, na wengi hawatambui, kwani hakiumi, hakiwashi wala hakitoi alama. Katika kila watu 10 wanaoambukizwa, takriban 9 mwili wao hukishinda wenyewe ndani ya miaka miwili.

Aina mbili, ya 6 na ya 11, huleta chunjua za sehemu za siri, ambazo hutibika na si saratani. Aina nyingine mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Uhusiano huu uligunduliwa na mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Kirusi cha aina hizo kikibakia mwilini bila kuondoka, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama aliye na virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Basi aliyeambiwa “una HPV” hakuambiwa ana saratani. Ameambiwa kwamba mlango wa kizazi chake unahitaji kuangaliwa. Na muda mrefu huo ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa mwenye kuutumia.

“Ameyapata wapi?”

Nilimuuliza daktari swali la yule dada bila kulipamba. Akanijibu kwamba hakuna kipimo kinachoweza kusema kirusi kiliingia lini, wala kimetoka kwa nani. Huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha kikaonekana katika kipimo cha kwanza ambacho mwanamke amewahi kufanyiwa. Binti huyu hakuwahi kupimwa kabla ya hapo. Kirusi chake huenda alikipata katika ndoa yake ya kwanza, hata katika fungate.

Na yule mume wa kwanza naye asihukumiwe kwa haraka. Huenda alikuwa na mke wa halali kabla yake, na mke huyo alikuwa na mume kabla yake. Katika jamii yetu watu huachana wakaoa tena, hufiwa wakaolewa tena, na wapo wenye wake zaidi ya mmoja. Yote hayo ni halali, na kirusi hakiulizi hati ya ndoa. Tena, mposaji mwenyewe amewahi kuishi na mke, na kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV. Huenda naye amewahi kuwa nacho, au anacho leo, wala hajui.

Kusema “maradhi ya zinaa” kumetuponza. Neno hilo limewafanya watu wadhani kwamba kila mwenye ugonjwa huo amezini, ilhali wapo wake watakatifu waliougua ndani ya nyumba zao. Heri tuseme maradhi yanayoambukizwa kwa kujamiiana, tuiache zinaa ibaki jina la dhambi.

Sheria yasemaje?

Jambo la kwanza ni ulimi. Katika Surat an-Nur, Mwenyezi Mungu amemwekea adhabu ya mijeledi 80 mwenye kumsingizia mwanamke mtahirifu kisha asilete mashahidi wanne. Karatasi ya kliniki haikuona kitu, na haiwi shahidi hata mmoja. Kwa hivyo aliyesema “ameyapata wapi?” kwa maana aliyoikusudia, amesimama pahala pa hatari, na toba inampasa.

Jambo la pili ni ukweli wakati wa posa. Fatima binti Qays (R.A.), naye alikuwa mwanamke aliyeachwa, alipomaliza eda aliposwa na Muawiya na Abu Jahm. Alipomtaka shauri Mtume (S.A.W.), alimweleza waziwazi upungufu wa kila mmoja, kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zaid, na akaiona heri katika ndoa hiyo. Ndiyo maana Imam an-Nawawi ameliweka shauri la ndoa miongoni mwa mambo sita ambayo ndani yake kutaja aibu ya mtu si usengenyaji. Hadhi ya mtu husitiriwa, lakini si kwa kumtia mwenzake katika madhara asiyoyajua.

Katika madhhab yetu ya Shafii, vitabu vimetaja aibu zinazompa mmoja wa wanandoa haki ya kuivunja ndoa, kama wazimu, ukoma na mbalanga. Ibn al-Qayyim akapanua, akaingiza kila aibu inayomfukuza mwenzi na kuyazuia makusudio ya ndoa. Kwa kipimo hicho, mwenye virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B au kaswende hana ruhusa ya kunyamaza hadi akdi ipite. Kila moja ina njia yake: Ukimwi una dawa za kuudhibiti, homa ya ini ya B ina chanjo ya kumkinga mwenzi, na kaswende hutibiwa kwa penisilini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo huenda kikamwumbua asiyeficha kitu.

Ama HPV, kwa kuwa imewaenea watu wengi, huondoka yenyewe mara nyingi, na peke yake haizuii kushika mimba, sioni kuwa ni aibu ya kuvunja ndoa. Lakini akiulizwa, asiseme uongo, na akieleza bila kuulizwa, amefanya ihsani. Haya ni maoni yangu, na mwenye elimu zaidi anisahihishe.

Damu isiyo ya hedhi

Daktari alipokuwa akinitajia dalili za saratani yenyewe, nilinyamaza kitambo. Alitaja damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi mbili, damu baada ya hedhi kukatika kwa uzee, uchafu wenye harufu mbaya, na maumivu ya kiuno yasiyokwisha.

Nilimkumbuka mama mmoja mtu mzima, ambaye hedhi yake ilikatika miaka mingi. Alikuwa akimtuma mjukuu wake aniulize: damu inamtoka, basi aswali vipi? Nilimjibu kama tulivyosomeshwa katika mlango wa istihadha: ajisafishe, ajifunge, atawadhe kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake, kisha aswali. Jibu lilikuwa sahihi. Aliniuliza mara tatu katika mwaka mmoja, na mara zote tatu nilimjibu juu ya sala yake, wala sikuuliza hata mara moja kama ameonwa na daktari. Alipopelekwa hospitali, saratani ilikuwa imekwisha kuenea. Nilimswalia jeneza yake.

Tangu siku ile niliyoketi na daktari, kila mwanamke anayeniuliza juu ya istihadha humpa majibu mawili: hukumu ya sala, na agizo la kwenda hospitali. Nawaomba maustadh na maustadha wenzangu wafanye hivyo hivyo.

La kufanya

Mwanamke aliyewahi kuolewa, mwenye miaka 25 hadi 49, aende kupimwa hata kama hana dalili yoyote. Kipimo cha HPV hurudiwa baada ya miaka mitano, na mapema zaidi kwa mwenye virusi vya Ukimwi. Wenye kuona haya wajue kwamba katika kipimo hiki mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti chenye pamba. Kipimo kingine ni cha siki: muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na sehemu zilizobadilika hugeuka nyeupe. Zikionekana mapema, huondolewa kwa joto au kwa baridi kali, mara nyingi siku hiyo hiyo, bila kulazwa. Una haki ya kumwomba muuguzi wa kike. Usiende ukiwa na hedhi, na usiende mchana wa Ramadhani, kwani katika madhhab yetu kinachoingizwa sehemu za siri hufunguza saumu.

Binti zetu wa miaka 10 wana chanjo ya HPV, inayotolewa na serikali ya Kenya bila malipo tangu mwaka 2019. Wapo wanaonong’ona kwamba inafunga kizazi. Chanjo hii haina kirusi hai ndani yake. Imetengenezwa kwa ganda tu, ili mwili umjue adui kabla hajaja, na haina athari kwa uzazi. Malaysia, nchi ya Waislamu wengi, imewachanja binti zake tangu mwaka 2010. Wengine wanachelea kwamba ni kumpa mtoto ruhusa ya uovu. Ndugu zangu, binti yako mtahirifu ataolewa siku moja na mtu usiyemjua alikopitia. Unamkinga kwa ajili ya ndoa yake. Tena aliyechanjwa atakapokuwa mkubwa bado apimwe, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote.

Kwa wazazi na mawalii: kabla ya akdi, wachumba wote wawili wapimwe Ukimwi, homa ya ini ya B na kaswende, tena wapimwe mapema, kabla ya kadi kuchapishwa na chakula kuagizwa. Majibu ni amana ya wawili hao na walii. Si ya dada, si ya shangazi, wala si ya baraza.

Siku ya tatu niliwaita ami, binti na mposaji, nikawaeleza haya. Mposaji alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja: je, huenda ni yeye atakayemwambukiza mwenziwe aina nyingine? Nikamwambia huenda, Mungu ndiye ajuaye. Akanyamaza, kisha akamwomba radhi binti yule kwa maneno yaliyosemwa nyumbani kwao. Binti alikwenda kuangaliwa. Palikuwa na sehemu ndogo iliyobadilika, ikatibiwa, na akaambiwa arudi baada ya mwaka. Akdi ilisogezwa mbele wiki chache ili apone, kisha ikasomwa.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, azihifadhi nyumba zetu, na atusamehe tuliyodhaniana bila ya kujua. Amin.