Askari wa Akiba wa Majimbo ya Marekani

Wasikilizaji wetu, nyumba ikishika moto hakuna aulizaye ndoo ni ya nani. Lakini askari si ndoo. Yatupasa kujua ni nani awaamuruye.

Katika Marekani kila jimbo lina askari wake wa akiba. Wengi wao ni wakulima, mafundi, walimu na makarani, ambao hujifunza uaskari siku chache kila mwezi, kisha hurudi kazini mwao. Mto ukifurika au tufani ikivuma, Gavana wa jimbo huwaita. Mwaka 2005, tufani Katrina ilipoipiga pwani ya kusini, zaidi ya 50,000 walikwenda kuokoa watu na kugawa maji na chakula.

Lakini askari hawa wana wakuu wawili: Gavana, na Rais wa nchi. Mnamo Septemba 1957, katika mji wa Little Rock, Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwaweka mlangoni pa shule kuwazuia wanafunzi tisa weusi, ingawa mahakama ilikwisha kuamuru waingie. Ndipo Rais Eisenhower akawatoa askari hao, wapatao 10,000, katika amri ya Gavana, akawatia katika amri yake, akapeleka na jeshi la taifa. Basi kikosi kile kile kilichowazuia watoto kikawekwa kuwalinda.

Hapo twaona kwamba askari hawakubadilika, ila amri. Nguvu hiyo huwafaa raia iwapo mwenye kuamuru naye aitii sheria.