Jino Likiuma, Presha Nayo Hupanda



Tuchukue mfano unaofanana na mambo tunayoyaona huku kwetu Kericho na Bomet. Mama mmoja ni mchumaji wa chai. Gego lake la chini lina tundu mwaka mzima sasa, na wiki hii limemnyima usingizi siku tatu. Amenunua dawa dukani, ameza, likatulia kidogo, likarudi. Siku ya nne anapanda pikipiki kwenda kung'olewa. Kwanza anapimwa presha. Mashine inasoma 188/112. Anaambiwa, "Mama, leo hatung'oi. Presha iko juu."

Anarudi nyumbani na jino lake. Mmoja wa jirani anamwambia, "Wewe huna presha, ni hilo jino tu." Mwingine anasema, "Hiyo ni presha, utameza dawa mpaka mwisho." Nani amesema kweli? Siku hiyo hakuna ajuaye. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana mama huyu anaweza kuacha yote mawili bila matibabu.

JINO LINAPANDISHAJE PRESHA?

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Nambari ya juu hupatikana moyo unapojikaza, na ya chini unapopumzika. Presha nzuri ni chini ya 120/80. Ikipimwa siku mbalimbali na kukutwa 140/90 au zaidi, huo ni ugonjwa wa presha.

Mwili ukisikia maumivu makali, hujiandaa kana kwamba kuna adui. Hutoa kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio na mishipa hujibana. Fikiria mpira wa kumwagilia mboga: mtu mmoja akifungua mfereji zaidi, na wewe ukibana mdomo wa mpira, maji hutoka kwa kishindo. Ndivyo damu inavyofanya. Ongeza kukosa usingizi na hofu ya koleo la daktari, na presha itazidi kupanda.

Maumivu yakiisha, presha ya namna hiyo hushuka. Kwa hiyo kipimo kimoja cha siku ya maumivu hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa. Lakini pia kisidharauliwe! Watu wengi wana presha na hawajui, kwa sababu mara nyingi haina dalili yoyote. Pengine jino ndilo lililowapeleka mbele ya mashine kwa mara ya kwanza. Dawa ya shaka hii ni moja: tibu jino, kisha upimwe tena siku mbili tatu tofauti, maumivu yakiwa yameisha.

ANGALIA DAWA ZA DUKA

Ibuprofeni (wengi huiita brufeni) na diklofenaki hutuliza jino, lakini zinaweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya dawa za presha, na kuumiza figo. Mwenye presha asizimeze bila kumwuliza daktari. Kwa wengi paracetamol ni salama zaidi: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi aulize kwanza. Usiweke aspirini juu ya fizi, inachoma nyama. Na dawa yoyote ya maumivu haizibi tundu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

UKIAMBIWA "LEO HATUNG'OI"

Presha ikifika 180/110 au zaidi, madaktari wengi wa meno huahirisha kung'oa. Kidonda kinaweza kutoka damu sana, na moyo na ubongo viko hatarini. Si kwamba wanakufukuza. Lakini usiondoke mikono mitupu. Uliza mambo matatu: Nimeze dawa gani ya maumivu? Kama kuna usaha, unaweza kutolewa leo? Nirudi lini, na nani atatibu presha yangu?

Ikiwa tayari unameza dawa za presha, usiache siku ya kung'oa. Meza kama kawaida, na umwonyeshe daktari dawa zako zote.

Kimbia hospitali mara moja ukiona uso au shingo imevimba pamoja na homa, mdomo haufunguki, au kumeza na kupumua ni shida. Vivyo hivyo kukiwa na kifua kuuma, upande mmoja wa mwili kulegea, maneno kukwama, au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu. Hayo si mambo ya kungoja asubuhi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji siku ya mkutano. Tangu 2023 wahudumu wengi walipewa mikoba yenye mashine ya presha. Kabla ya kupimwa, kaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono juu ya meza. Usinywe chai nusu saa kabla, hata kama ni chai yetu wenyewe!

2. Tengeni pesa kidogo katika mfuko wa kikundi kwa nauli ya mgonjwa wa jino. Huduma ya meno iko Tenwek, na pia hospitali za rufaa za kaunti kule Longisa na Kericho. Ulizeni kwanza siku za kliniki. Tundu dogo likizibwa mapema, gharama ni ndogo kuliko siku nyingi za kukosa kuchuma.

3. Pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na kupunguza sukari kwenye chai ya watoto. Uchunguzi mwingi umeonyesha pia kwamba wenye ugonjwa wa fizi mara nyingi huwa na presha ya juu zaidi kuliko wenye fizi nzima.

MASWALI YA KUJADILIANA

Nani kati yetu ana jino linalouma na amenyamaza? Nani aliambiwa presha iko juu na hakurudi kupimwa? Leo tunaanza na nani?