Opsheni si ya kila roho: jipime kabla hujatuma pesa

Siku hizi ukipanda matatu kutoka Thika hadi Ruiru, hukosi kuona kijana ameinamia simu akifuata mistari ya kijani na nyekundu. Wengi wanatuuliza ni mbinu gani ya opsheni inalipa. Sisi tungeanza na swali lingine: wewe ni mtu wa aina gani pesa zikianza kuyeyuka?

Tuchukue mfano wa ploti, maana huku kila mtu anaelewa ploti. Mwenye ploti Ruiru anataka shilingi 1,200,000. Leo huna. Mnakubaliana umpe 20,000 zisizorudishwa, naye akushikilie bei hiyo miezi mitatu. Bei za hapo zikipanda hadi 1,400,000, bado unanunua kwa 1,200,000. Zikishuka, unaachana nayo, umepoteza 20,000 tu. Hiyo ndiyo opsheni: umenunua haki, na si lazima uitumie.

Sasa geuza upande. Kuna yule anayepokea hizo 20,000. Mara nyingi atazila bila jasho, kwa sababu mnunuzi akiona bei haijapanda harudi. Lakini kama ameahidi ploti ambayo hata hana, na bei iruke, itabidi ainunue ghali akuuzie rahisi. Hapo ndipo watu huuza pikipiki.

Mtu anayeshika pesa kila jioni, kama wa bodaboda pale Kimbo au muuza mitumba Makongeni, huchoka haraka kuona hasara ndogo ndogo kila wiki. Kwa hivyo upande wa kuuza opsheni humvutia: kidogo kidogo kinaingia, kama kawaida yake. Shida ni kwamba ndiye hasa hawezi kuhimili pigo moja kubwa, kwa kuwa stoki, kodi ya nyumba na karo zinatoka mfuko mmoja. Kwa maoni yetu, huyo asiuze opsheni kabisa. Akitaka kujaribu, anunue tu, tena kwa kiasi ambacho kikipotea chote, mtoto bado anaenda shule.

Ukiwa na 10,000 na unaweka 5,000 kila mara, ukikosea mara mbili umemaliza. Ukiweka 500, unaweza kukosea mara 20. Angalia muda pia. Haki ya wiki moja huisha thamani haraka na inataka macho kwenye simu kila saa. Kama uko kwenye mashine kiwandani Thika tangu asubuhi, hiyo si yako. Na kama wewe ni wa kuongeza dau ili urudishe zilizopotea (mnajijua!), kaa mbali.

Tusifichane, wengi hupoteza. SEBI, mdhibiti wa masoko ya India, ilitangaza mwaka 2024 kwamba katika miaka mitatu hadi Machi 2024, watu binafsi 93 kati ya 100 waliofanya biashara ya fyucha na opsheni walipata hasara. Hapa kwetu, soko la hisa la NSE lilizindua NEXT Julai 2019, likianza na fyucha za hisa kama Safaricom na KCB. Fyucha si opsheni. Huko pande zote mbili zimefungwa, hakuna kuachana nayo. Na zile "opsheni" za kubashiri kama bei itapanda ndani ya dakika moja ni kamari tu. Uingereza ilipiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida Aprili 2019.

Wewe wa kulala usingizi, dhamana za serikali za siku 91 zipo, unazinunua kwa simu kupitia DhowCSD ya Benki Kuu.

Kabla ya kutuma shilingi yoyote, tafuta jina la broka kwenye orodha ya waliopewa leseni, iliyo kwenye tovuti ya CMA. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, simama hapo hapo. Akishazitoa kwa wakala, hata ukitupigia dakika hiyo hiyo, hatuna pa kuzivuta.